Mheshimiwa Ajifunza Kujibu

Simu ya kituo cha televisheni ilipoingia, Mheshimiwa alikuwa amelala chali chini ya pikapu akikagua kutu, miguu tu ndiyo inaonekana. Mimi ndiye niliyepokea. Mwanamke mwenye Kiarabu cha Beirut aliuliza kama hii ni nambari ya yule mbunge wa zamani wa Kikurdi anayeishi Dubai. Nikamwambia asubiri. Nilitoka ofisini na simu mkononi, nikachutama karibu na gurudumu la mbele, nikamweleza kwamba wanamtaka studioni jioni ile ile, mubashara, aeleze vita vya kwao. Miguu ikatulia. Kisha ikaanza kusota, kiwiliwili kikafuata, shati lote mafuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia akiitwa kwa cheo chake baada ya miaka mitatu ya kuitwa sadiki, rafiki yangu, na kila anayetaka kupunguziwa bei.

Ilikuwa mwaka wa 2014, joto limefika pale ambapo huwezi kushika mlango wa gari bila kitambaa. Wiki chache nyuma mji wa Mosul ulikuwa umeanguka, na watu wa bendera nyeusi walikuwa wakisogea kuelekea kwao Mheshimiwa. Sisi pale yadini Ras Al Khor tulikuwa tukiendelea na kazi. Upande mmoja tulipanga magari ya usukani wa kulia yanayokwenda Mombasa na Dar es Salaam, upande wa pili ya usukani wa kushoto, mengi yao pikapu, yanayokwenda Iraki. Mwenye yadi alikuwa binamu yake Mheshimiwa. Mimi, binti mzaliwa wa Mombasa, niliajiriwa kushughulikia makaratasi ya meli na kujibu wateja wa Afrika Mashariki. Kiarabu nilikiokota madrasa nikakinyoosha Dubai, Kiingereza nilikuja nacho kutoka shule, na lugha hizo mbili ndizo zilizonipatia riziki.

Jina la Mheshimiwa alipewa na askari wa getini, Mkenya mwenzangu, mtu wa Nakuru, ambaye kwa saa kumi na mbili za zamu yake alikuwa akisoma magazeti kwenye simu na kubishana nayo. Siku niliyomwambia kwamba yule Mkurdi anayepima kina cha matairi kwa shilingi ya Kenya niliyompa aliwahi kukaa bungeni vipindi viwili, alisimama wima akavaa kofia. Akaniambia kwetu mbunge ni mheshimiwa mpaka kaburini, iwe alishinda au alishindwa. Tangu hapo akawa anampigia saluti kila asubuhi, na jina likashika. Hata binamu, asiyejua neno jingine la Kiswahili, alikuwa akiita "Muhashmiwa" kutoka upande wa pili wa yadi.

Maisha yake nilikuwa nimeyasikia kidogo kidogo juu ya vikombe vya chai. Alianza kama mwalimu wa shule. Ujanani alikaa milimani na bunduki, akashuka, akaingia chama, chama kikampeleka bungeni, huko akawekwa kwenye kamati inayoshughulikia mambo ya wapiganaji. Kilichomwangusha ni hotuba. Siku moja alisimama akauliza kwa nini watoto wa wakubwa wanapata vyeo vya jeshi bila kuvaa buti. Uchaguzi uliofuata, jina lake likawekwa chini kabisa ya orodha, mahali ambapo jicho la mpiga kura halifiki. Akashindwa, akafungasha, akaja kwa binamu kuuza magari.

Basi jioni ile aliniomba nimsindikize studioni. Kipindi kilikuwa cha Kiingereza, na yeye Kiingereza chake alikisoma vitabuni, akaogopa kukwama neno. Alinyoa, akavaa suti ya bungeni iliyokuwa na harufu ya kabati, tukaenda na gari la mteja ambalo lilikuwa bado na karatasi ya bei kwenye kioo. Walimpaka poda, wakamtia kidude sikioni, wakaniweka mimi nyuma ya kioo pamoja na mafundi. 

Mtangazaji alimuuliza swali jepesi. Mji fulani ulio barabarani kuelekea kwao, je, uko mikononi mwenu au umeshachukuliwa? Mheshimiwa alishukuru kituo kwa kumwalika. Akasema ili kulielewa swali hilo ni lazima turudi nyuma miaka mia moja. Na kweli alirudi. Alikuwa bado na wafalme na mikataba ya wakati wa babu yake pale mtangazaji alipomkatiza na kuuliza tena, mji uko mikononi mwa nani? Akajibu kwamba mikono ya watu wake haijawahi kuchoka. Fundi aliyekaa kando yangu akaweka kichwa mezani. Dakika moja baadaye walikuwa wamehamia habari za hali ya hewa, na Mheshimiwa alikuwa bado akizungumza, hajui kwamba haonekani.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye mataa ya kuingilia Ras Al Khor. Hapo akaniuliza kwa Kiarabu, macho mbele, nilimwonaje.

Ningeweza kusema mashallah, yakaisha. Yeye ni ndugu wa arbab wangu, mwajiri aliyenidhamini, na viza yangu iko kwenye droo ya arbab. Lakini alikuwa ameuliza kwa sauti ndogo mno.

"Mheshimiwa," nikasema, "hukujibu."

"Nilizungumza dakika nne."

"Ndiyo. Na bado sijui mji uko mikononi mwa nani."

Taa ikawa ya kijani, gari la nyuma likapiga honi, naye hakuondoka. Halafu akacheka, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Akasema hata yeye hajui. Alikuwa hajapata habari za mji ule tangu asubuhi, na katika miaka yote ya siasa hakuna aliyemfundisha kwamba mtu anaweza kusema hivyo.

Mimi nilifundishwa na mteja. Mwaka wangu wa kwanza pale yadini, mama mmoja mfanyabiashara wa Mombasa alipiga simu kuuliza gari lake. Nikamweleza foleni ya bandari, upepo, meli iliyobadilishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, mwanangu, sikukuuliza hali ya bahari, nimekuuliza gari liko wapi. Tangu siku hiyo nikawa na majibu matatu tu. Liko hapa. Liko pale. Sijui, nitakupigia kesho saa nne. Na kesho yake saa nne, hata kama bado sijui, nilipiga. Nilipomsimulia Mheshimiwa hayo, alinitazama kama nimemwonyesha mlango ndani ya ukuta wa nyumba aliyoizoea.

Tukaanza kesho yake, mapumziko ya mchana, ndani ya kontena tulilogeuza ofisi. Mheshimiwa alikaa nyuma ya meza yangu, mimi nikakaa pembeni na saa, na askari wa getini, ambaye hakuhitaji kuombwa mara mbili, akawa mwandishi wa habari. Jamaa alikuwa amezaliwa kwa kazi hiyo. Aliegemea mlango, kofia kaishika mkononi, akauliza maswali ambayo wala mimi nisingethubutu. Wapiganaji wenu wanakimbia? Silaha mnapata kwa nani? Wewe mwenyewe uko Dubai unauza pikapu, una haki gani ya kusema "sisi"?

Sheria ilikuwa swali moja, jibu moja, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda. Alikuwa akimaliza jibu zuri, kisha kimya cha sekunde mbili kinamwasha kama upupu, anaongeza neno, neno linazaa sentensi, na kabla hujajua tuko tena kwa wafalme. Nikawa nagonga meza kwa kalamu. Na neno "sijui" likamkwama kooni kwa siku tatu nzima. Alituambia kwamba mwanasiasa akisema hajui, kesho yake ana mpinzani.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote," askari akamwambia, "huna mpinzani. Huna hata kura. Sema tu."

Nilidhani atafukuzwa. Mheshimiwa alimkazia macho, kisha akavuta pumzi na kusema kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwamba hajui, na akijua atatuambia. Kisha akanyamaza. Nilihesabu sekunde tano. Askari alivaa kofia akapiga saluti.

Mkewe Mheshimiwa alikuwa akituletea chakula siku hizo, mwanamke mrefu, mpole, mfamasia kwa kazi. Alinikataza kumwita madam, tukawa tunaitana ukhti, dada yangu. Aliweka sufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, akakaa kwenye kiti cha wateja akasikiliza mpaka mwisho. Siku ya tano aliniomba nimsindikize hadi kwenye gari lake. Pale nje, juani, akaniambia jambo ambalo lilinifanya nisimame.

"Ukhti, hujui unachofanya. Unamfundisha kuondoka."

Nikamwambia ni televisheni tu, na studio iko hapa hapa Dubai. Akatikisa kichwa. Akasema ameishi na mtu huyu miaka kumi na tano, na anajua anavyokula anapokuwa na jambo moyoni. Alikuwa ameacha kula nyama.

Mara ya pili kituo kilimwita kwa kuwa mgeni waliyemtaka alichelewa ndege. Safari hii nilikaa nyuma ya kioo nikiwa nimeziuma kucha zote. Mtangazaji alikuwa yule yule, na niliona kwenye uso wake kwamba amejiandaa kumkatiza. Akauliza kama daraja la upande wa mashariki limevunjwa. Mheshimiwa alisema, sijui. Watu wawili walio karibu nalo nimezungumza nao mchana huu, mmoja anasema limevunjwa, mwingine anasema limesimama. Nikimpata wa tatu nitakuambia. Akafunga mdomo.

Mtangazaji alibaki na kalamu hewani. Katika chumba cha mafundi, yule aliyewahi kulaza kichwa mezani aliinua kichwa akanitazama. Walimpa dakika tano, wakamwongezea nyingine tano, na alipotoka, msichana wa poda alikuwa amesimama mlangoni anamsikiliza. Mimi niliruka, nasema kweli, niliruka kama mtoto, mkoba ukaanguka, vikaenea sakafuni vitana, risiti na pipi.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Vituo vitatu kwa wiki moja. Binamu alinung'unika kwamba pikapu haziuziki zenyewe, lakini alianza kupiga pasi mashati ya ndugu yake kwa mkono wake. Kisha, Jumamosi moja asubuhi, Mheshimiwa alituita mimi na askari kontenani, akafunga mlango. Alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyekaa naye milimani ujanani, ambaye sasa ni kamanda. Kamanda alikuwa amemwona kwenye televisheni. Alimwambia, tuna watu wengi wa kupigana, hatuna wa kusema. Walimtaka awe msemaji wa jeshi lao, na walimtaka ndani ya siku kumi.

Askari alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilifurahi, na katikati ya furaha nikamkumbuka mkewe pale juani, na kwa muda sikuweza kumtazama mtu.

Mkewe hakusema naye siku tatu. Ya nne, alivyonisimulia mwenyewe, alitoa begi, akapanga dawa za shinikizo la damu za mumewe kwenye vifuko, kila kifuko kimeandikwa saa. Akamwambia yeye na binti zao watabaki Dubai mpaka shule ifungwe, halafu wataona. Yalla, nenda, akamwambia, kabla sijabadili mawazo.

Mkutano wake wa kwanza na waandishi wa habari ulirushwa alasiri. Karibu na yadi kulikuwa na mkahawa wa Mmalayali mmoja, Mhindi wa Kerala, wenye televisheni juu ya friji, na televisheni hiyo haikuwahi kuonyesha kitu zaidi ya kriketi. Nilikwenda tangu asubuhi kumwomba. Nilipomweleza ni nani atakayeonekana, alisema lakini huyo ndiye anayedai chai yangu ina sukari nyingi, na akabadili chaneli mwenyewe. Saa tisa mkahawa ulikuwa umejaa. Walikuwapo mafundi wa Kipathani kutoka Pakistani na madereva wa winchi, alikuwapo binamu na suti, na askari wangu, aliyebadilishana zamu na mwenzake. Mkewe Mheshimiwa alikuja akakaa nami meza ya familia, miwani myeusi usoni, hakuivua.

Akatokea. Magwanda yalikuwa mapana mabegani na yamembana tumboni. Nyuma yake palikuwa na ramani, na mbele yake maikrofoni nyingi hadi kidevu hakionekani. Mkahawa mzima ulishangilia, Mmalayali akatutuliza kwa kijiko. Alisoma taarifa fupi, kisha akaomba maswali. La kwanza likatoka kwa mwandishi wa kigeni mwenye sauti kavu. Alisema, jana jeshi lenu lilituambia mnakishikilia kilima fulani, leo tunasikia mmekipoteza. Ni kweli au si kweli?

Kimya. Ninajua kimya kile kilikuwa cha sekunde mbili tu, nimekiona tena mara nyingi baadaye, lakini pale mkahawani kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilisikia friji ikiguruma. Nilijikuta nimeshika kalamu, tayari kugonga meza.

"Kweli," Mheshimiwa akasema. "Tumekipoteza alfajiri. Watu wetu saba hawakurudi. Familia zao tumeziambia kwanza, ndiyo maana ninyi mmesubiri. Swali linalofuata."

Hakuna aliyeshangilia. Fundi mmoja wa Kipathani aliweka mkono kifuani. Kisha maswali yakaendelea, naye akajibu moja moja, mawili akasema hajui, na kila jibu lilipokwisha alinyamaza. Askari alikuwa akinong'ona "haya, haya, haya" kama mtu anayetazama mkimbiaji wake mzunguko wa mwisho. Ilipokwisha ndipo watu wakapiga makofi, hata wale ambao hawakuelewa Kiingereza. Mkewe alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa akicheka.

"Miaka kumi na tano," akaniambia, "sijapata kumsikia akijibu swali mara ya kwanza."

Tangu siku ile maisha yangu yakawa na kazi ya pili isiyo na mkataba. Mheshimiwa alikuwa akiniletea taarifa zake kwenye simu kabla hazijatolewa, za Kiingereza, nizipunguze. Zilikuja saa yoyote ya kazi. Niko katikati ya bili za shehena, mteja wa Dar yuko kwenye laini, na simu ya pili inatetemeka. Ninakata "kwa mara nyingine tena tunapenda kusisitiza." Ninakata "ushujaa usio na kifani." Ninabakiza mahali, saa, na kilichotokea. Ninarudisha. Nusu saa baadaye ninavuka barabara kwenda kwa Mmalayali, na sentensi yangu inapita chini ya kioo cha televisheni, herufi nyeupe kwenye utepe mwekundu, dunia nzima inaisoma, na hakuna ajuaye kwamba imekatwa kwa mkasi wa binti wa Mombasa katika kontena la Ras Al Khor. Sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa mama, ambaye aliniuliza kama nakula vizuri.

Kazi yake haikuwa ya sifa tu. Mwaka wa pili alitangaza kijiji kimekombolewa kwa kumwamini kamanda mmoja aliyempigia simu. Kumbe kamanda alikuwa ameingia kijiji kingine chenye jina linalokaribiana. Mheshimiwa alirudi mbele ya kamera ndani ya saa ile ile, akasema nimekosea, si kile ni hiki. Waandishi waliandika, wakasonga mbele. Lakini kamanda aliona ameaibishwa, akasukuma huku na huku mpaka Mheshimiwa akaambiwa apumzike. Wakamweka kijana wa maneno matamu. Askari wetu alimtazama siku moja tu, akasema huyu ni mwanafunzi wa wafalme na mikataba. Waandishi nao wakaanza kupungua, viti vikabaki vitupu, na mwishowe walikuja wenyewe kwa wakubwa kudai mtu wao arudishwe. Akarudishwa, na cheo juu. Alinipigia siku hiyo, akaongea haraka haraka kwa Kiarabu na Kikurdi vilivyochanganyika, na niliyoambulia ni kwamba yuko barabarani, kioo kiko wazi, na watu wa kizuizini wamemtambua kwa sauti.

Mkewe hakurudi kwao. Alipata kazi katika duka la dawa Deira, binti zake wakaendelea na shule, naye kila alipomwona mumewe kwenye televisheni alikuwa akinitumia ujumbe wa neno moja. Amekonda. Amelala. Amenyoa.

Mosul iliporudi mikononi mwa serikali, mwaka wa 2017, alipewa likizo akaja Dubai. Nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwao, ghorofani, jirani na Naif, dirisha linatazama maduka ya masanduku. Kweli alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa jivu. Alikula taratibu. Tulipofika kwenye chai, alitueleza kwamba wazee wa chama wamemjia. Wamesahau ile hotuba, au wamejifanya kusahau. Wanataka jina lake kwenye orodha ya uchaguzi ujao, nambari tatu, juu kabisa. Watu wanamjua sasa. Akishinda, pengine atapewa wizara.

Mkewe alikuwa akimenya chungwa. Hakuacha kumenya.

Mheshimiwa akanigeukia. Akaniuliza afanye nini, na nikaona kwamba hakuwa akifanya mzaha. Nilitaka kusema hilo ni lako na mwenzio. Lakini tulikuwa tumeshakubaliana zamani juu ya maswali.

"Usiende," nikamwambia.

Alingoja niongeze. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, kwamba huko watamtaka aseme "kweli" pale ambapo si kweli, kwamba amekuwa mtu mwingine, kwamba mke wake hatavumilia safari nyingine. Nikauma ulimi. Chungwa likawekwa katikati ya meza, kila mtu akachukua pande lake.

Wiki mbili baadaye alipiga simu kutoka kwao. Aliwakatalia wazee. Na kwa kuwa amewakatalia, jeshi limemwomba afundishe wengine, maana yeye hataendelea milele. Amechagua maofisa sita vijana. Wataletwa Dubai kwa wiki moja, ukumbi umeshakodiwa katika hoteli ndogo Deira, na mwalimu wa Kiingereza aliyemwandika kwenye karatasi za wizara ni mimi.

Nilimwambia mimi nimeishia kidato cha nne. Akasema karatasini hakuna mahali pa kuandika hilo. Binamu alinipa ruhusa kwa sharti kwamba nitajibu simu za wateja wakati wa chai.

Asubuhi ya kwanza nilivaa buibui jipya na viatu vilivyoniuma. Walikuwa wamekaa tayari, wanaume watano na mwanamke mmoja, luteni, ambaye kabla ya vita alikuwa muuguzi. Walisimama wote kwa pamoja kunipa heshima. Niliandika ubaoni neno moja, "Wapi?", chaki ikakatika. Nikawaambia wakae, nikamuuliza luteni swali la kwanza lililonijia, tena lisilo la vita. Nilimuuliza kwa nini amekuja Dubai.

Alianza kunishukuru kwa nafasi. Nikagonga meza. Akanyamaza, akafikiri, akasema kwa Kiingereza cha kuvunjika kwamba amekuja kwa kuwa wenzake hospitalini walikufa na hakuna aliyeeleza vizuri ilikuwaje. Kisha akakaa kimya, hakuongeza kitu. Wale wanaume walitazama chini. Mimi nikageuka ubaoni nijifanye natafuta chaki.

Wiki ile ilikwenda kama maji. Kufikia Alhamisi walikuwa wakikatizana, wanagongeana meza, wanacheka makosa yao. Mchana wa mwisho waliomba niwapeleke Naif wakanunue zawadi, nikasema sawa, lakini ni Kiingereza tu, na kila mtu sentensi fupi. Tuliingia vichochoro vile vya vitambaa, saa na manukato, watu wa mataifa yote wanasukumana. Luteni alitaka sanduku jekundu la safari. Muuzaji alimtajia bei, akamweleza habari za kiwanda, za magurudumu, za mteja mmoja wa Urusi aliyenunua kumi. Luteni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni kubwa," akasema. "Ni zuri. Bei hapana."

Akanyamaza, mikono nyuma, amesimama kijeshi. Wenzake watano wakajipanga nyuma yake, kimya vile vile. Muuzaji alimtazama yeye, akawatazama wao, akanitazama mimi akitafuta msaada, nami nikaangalia dari. Akashusha bei mara moja, akashusha tena, na luteni akalichukua sanduku lake akaanza kulikokota kichochoroni, magurudumu yanalia, wenzake wanamfuata kwa kicheko hadi barabarani.